Togwa Niliyomlambisha Feli

Naanza na kosa langu, usije ukanipenda kwanza halafu ukajuta. Kwenye kile kikopo cha sampuli, ambacho wenzangu wote wa bweni waliweka choo chao, mimi niliweka maharage. Maharage ya shule, yale ya jana yake. Niliyaponda kwa kijiko, nikachanganya na ugali kidogo ili yashikamane, nikaviringisha, nikafunga kifuniko. Juu nikaandika jina langu kwa mwandiko mzuri kuliko ninaoutumia kwenye mtihani: Kanisius, Kidato cha Tatu. Rafiki yangu Mbawala, aliyekuwa ananilindia mlango, alicheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu ya bafu letu, na ile sakafu siyo mahali pa kukaa mtu kwa hiari yake.

Naandika haya kwa ajili yako wewe uliye bweni, au uliye na mdogo wako nyumbani, siku ambayo tumbo litaanza kuzunguka shule nzima. Biolojia sitakufundisha, maana niliyonayo mwenyewe ni ya D. Nitakueleza tu ilivyokuwa.

Ilikuwa mwisho wa Mei. Songea baridi limeshaanza, lile la asubuhi linalokufanya ujadiliane na maji kabla ya kunawa uso, na mara nyingi maji ndiyo yanashinda. Alhamisi kijana mmoja wa kidato cha kwanza alitapika kwenye foleni ya uji. Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote, na mchana nikawaigizia bweni zima alivyotapika, na sauti zake, na macho yake. Walipiga makofi. Jioni wakatapika wawili kati ya waliopiga makofi. Ijumaa foleni ya choo ikawa ndefu kuliko foleni ya chakula, na katika historia ya shule yetu hilo halikuwahi kutokea.

Jumamosi asubuhi akaja bwana afya, na pamoja naye dada mmoja wa utafiti. Jina lake Hawa, mtu wa Tunduru, amefunga ushungi wa kijani na amebeba boksi la barafu kama muuza aiskrimu. Mkononi alikuwa na kishikwambi cha kuandikia majibu. Akatuambia kwamba timu yake inachunguza magonjwa ya kuharisha mkoani, na kwamba kila mmoja wa bweni atampa choo kidogo kwenye kikopo, aliyeugua na asiyeugua, ili waweze kulinganisha.

"Hata mzima?" Mbawala akauliza.

"Hata mzima. Mzima ndiye ananionyesha mgonjwa ana nini ambacho yeye hana."

Bwana afya naye akaweka sheria yake. Yeyote aliyetapika au kuharisha anahamia darasa la mwisho, ambalo limegeuzwa wodi, na hatatoka geti mpaka zipite siku mbili kamili tangu tumbo litulie. Wazima wenye ruhusa ya wazazi wanaweza kwenda nyumbani.

Hapo ndipo shida yangu ilipokuwa. Ruhusa nilikuwa nayo mfukoni, imeandikwa na baba kwa kalamu nyekundu. Jumapili ilikuwa ubatizo wa mdogo wangu Felista, Feli, mwenye mwaka na miezi mitatu. Kwetu mtoto akibatizwa, wakirudi kutoka kanisani, mkubwa wake wa tumbo moja ndiye anayechovya kidole kwenye togwa ya sherehe, ule uji mtamu wa kimea, na kumlambisha. Hakuna anayekunywa kabla ya hapo. Wageni wote wanasubiri na vikombe vyao mikononi. Mimi na Feli tuko wawili tu, katikati yetu kuna miaka kumi na mitano na maombi mengi ya mama. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu Feli hajaota jino.

Na alfajiri ya Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa nimetapika nyuma ya jiko la shule, mara moja, na nimekwenda choo mara nne. Kilichotoka kilikuwa maji, kama bomba. Sasa niambie, maji hayo ningeyaweka kwenye kikopo na kuyapeleka kwa Dada Hawa na jina langu juu yake? Ningekuwa nimejifungia mwenyewe darasa la mwisho. Ndiyo maana yakaingia maharage.

"Umetapika tangu Alhamisi?" Dada Hawa aliniuliza, kidole kiko juu ya kishikwambi.

"Hapana, dada."

"Umeharisha?"

"Mimi? Tumbo langu la saruji, dada."

Hakucheka. Aliandika. Kisha akakiinua kikopo changu kwenye mwanga, akakiangalia muda mrefu kidogo kuliko alivyoangalia vya wengine, akakiweka kwenye boksi. "Haya, Saruji," akasema. "Ukifika nyumbani nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Ile jeli yenu ya mfukoni huyu mdudu haiogopi. Na usiguse chakula cha watu."

Nikasema sawa. Niliisema haraka sana, maana tumbo lilikuwa linaniita.

Kwetu ni Msamala. Nilifika mchana kwa bajaji, matako nimeyabana njia nzima kama askari wa gwaride. Na hapo nikafanya ujinga wa pili, ambao nauandika kwa sababu najua wengi wenu mngeufanya: niliacha kunywa maji. Niliona kwamba tumbo likikosa maji litakosa cha kutoa. Jumamosi nzima sikunywa. Jumapili asubuhi choo kilipungua kweli, nikajiona daktari. Nilikwenda mara tatu tu kabla ya misa. Mdomo ulikuwa mkavu kama karatasi ya saruji, lakini nilijiambia ni baridi.

Misa ilikwenda vizuri. Feli alimpiga padri kofi alipomwagiwa maji, nikajua kweli huyu ni ndugu yangu.

Nyumbani, turubai limefungwa uani, pilau liko jikoni, na togwa imejaa ndoo mbili kubwa. Aliyeipika ni Mama Shukuru, jirani yetu, ambaye huuza togwa mlangoni kwake tangu mimi sijazaliwa. Nilikwenda choo mara moja ya mwisho. Ndoo ya kunawia ilikuwa tupu, wageni wameimaliza. Nikapaka ile jeli, nikajifuta kwenye suruali, nikatoka. Watu wakaanza kuimba. Mama akanisukuma katikati, mikononi ana Feli aliyevaa gauni jeupe lililomzidi, na shangazi zangu wamejipanga kama majaji.

Nikachovya kidole kwenye togwa. Nikamlambisha.

Alikunja uso, akafikiri, halafu akakishika kidole changu kwa mikono miwili akakinyonya chote, hataki kukiachia. Watu walicheka sana. Mimi pia. Kisha nikachukua kata nikaanza kugawa, nikiizamisha ndani ya ndoo mpaka togwa inanifika kwenye vifundo vya mkono, kikombe baada ya kikombe, na utani kwa kila mgeni. Walisema siku hiyo kwamba mtoto wa Mama Kani anajua kukaribisha watu.

Saa kumi jioni nilikuwa nimelala kwenye sakafu ya choo.

Nitaeleza kidogo, usiogope, na kama unakula weka sahani pembeni. Kutapika niliwahi kutapika, lakini hapa nilitapika mpaka ikabaki sauti tu bila kitu. Miguu ilibana, nyama za nyuma ya goti zikajikunja kama kamba, nikapiga kelele kama mtoto. Jumatatu asubuhi nilijiona kwenye kioo nikadhani ni marehemu babu. Macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua siku nzima. Nilijaribu kumtania mama kwamba sasa nafaa kuwa kibonzo gazetini. Sauti haikutoka. Ilitoka pumzi tu. Hapo ndipo nilipoogopa mara ya kwanza, kwa sababu bila sauti mimi sijui mimi ni nani.

Baba alinibeba mgongoni hadi barabarani, akaninunulia maji njiani nikayatapika kwenye kola yake. Hospitali walipoona hali yangu na kusikia neno kuharisha, hawakutupitisha mapokezi. Tulielekezwa jengo la pembeni ambalo mlangoni kuna mtu mwenye bomba la mgongoni, kama la kupulizia mikorosho, anapuliza klorini kwenye nyayo za kila anayeingia na kutoka. Ndani ni vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini yake. Tundu ni la kazi unayoifikiria.

Kwenye benchi la mlangoni mzee mmoja alimuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Ni kipindupindu?" Mwenzake alisogea mbali na mimi.

Neno hilo ulisome tu darasani. Usije ukalisikia ukiwa umelala juu ya tundu.

Nesi alitafuta mshipa wangu mara mbili, akaupata, akafungulia dripu kwa kasi. Chupa ya kwanza iliingia kama mtu anayekunywa kwa mrija. Ya pili nikaanza kuona rangi ya ukuta. Ya tatu nikapata sauti, na neno langu la kwanza lilikuwa kuomba uji, nesi akacheka. Walichukua kipimo cha haraka cha kipindupindu, majibu yakasema hapana. Baba alikaa chini kwenye ngazi aliposikia, akafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu wowote. Nikajiambia nimepona, hadithi imeisha, nitakwenda kuisimulia bweni.

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye benchi la ndani na kikombe cha maji ya ORS, ladha yake kama machozi ya mtu mwenye sukari, wakati wageni wa ubatizo walipoanza kuingia.

Kwanza alikuja baba wa ubatizo wa Feli, ameshikwa mikono na vijana wawili. Kisha shangazi yangu mkubwa. Kisha wanakwaya watatu. Kisha Mama Shukuru mwenyewe, amekumbatia ndoo yake kama mkoba. Walijazana kwenye mabenchi yale yale, wengine bado wana vitenge vya sare ya Jumapili, mpaka nikaona kama sherehe imehamia hospitali. Yule wa klorini aliongezewa msaidizi.

Na benchi lilikuwa na kesi yake tayari.

"Ni togwa ile," shangazi alisema, macho amefumba. "Mimi pilau sikula."

"Togwa ya nani?" akauliza mwanakwaya.

"Si ya huyo hapo."

Mama Shukuru aliinua kichwa kutoka kwenye ndoo. "Wifi, togwa yangu na mimi nimekunywa. Ningejilisha sumu mwenyewe?"

"Maji unachota wapi?"

"Ninakochota siku zote."

"Ndiyo hayo sasa."

Alikuwa ameshainamia ndoo, anatapika. Baadaye nilisikia kwamba bwana afya alikuwa amefika kwake asubuhi hiyo, amemwaga togwa yote iliyokuwa kwenye mitungi na kumkataza kuuza mpaka ijulikane. Nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwake. Nilikitazama kikombe changu cha ORS kama kitabu chenye maandishi madogo.

Halafu mama akaingia na Feli.

Sikumtambua. Nilimtambua mama, nikadhani amebeba mtoto wa mtu. Feli wetu ni mtoto wa kupiga mapadri. Huyu alikuwa ameegemea bega la mama, kichwa kinacheza kila mama anapopiga hatua, utosi umebonyea, macho yako nusu wazi na hayaangalii kitu. Alikuwa analia na machozi hayatoki. Sauti yake ilikuwa kama ya paka aliyefungiwa mbali.

"Tangu lini?" daktari aliuliza, anamvuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imesimama. Haikurudi.

"Tangu jana jioni. Kila nikimnyonyesha anarudisha."

"Amekojoa saa ngapi mara ya mwisho?"

Mama aligusa nepi ya Feli. "Sikumbuki," alisema. "Jana. Jana mchana."

Wakamlaza. Mkono wa kushoto, hakuna mshipa. Wa kulia, hakuna. Mguuni wakapata, nikavuta pumzi, na baada ya muda mfupi mguu ukavimba, maji yameingia kwenye nyama badala ya mshipa. Wakaitoa sindano. Feli hakulia walipomchoma mara ya nne, na mama ndipo alipoanza kulia yeye, kwa sababu mtoto anayechomwa halafu halii ni jambo baya kuliko mtoto anayelia.

Niliondoka pale. Nilitembea na chuma changu cha kutundikia dripu mpaka barazani, nikakaa kwenye jua. Nilianza kusali, na naona aibu kusema, nilisali kama ninavyoongea na walimu: ukinisamehe leo sitarudia, muulize yeyote. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nilijisikia ninavyodanganya.

Dada Hawa alinikuta hapo. Alikuwa amekuja na kishikwambi na boksi lake, ameitwa kwa sababu watu wengi wameugua mtaa mmoja. Nilisimama kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Saruji." Aliangalia kanyula ya dripu mkononi mwangu. Akakaa kwenye ngazi, hakukaa mbali. "Maabara walinipigia. Wanauliza siku hizi tunawatumia chakula cha mchana?"

Siku nyingine ningekuwa na jibu. Nina majibu ya kila kitu. Nilianza kulia kwa kelele, kamasi zinatoka, nikamwambia yote: nyuma ya jiko la shule, maharage, ndoo tupu ya kunawia, kidole, kata. Nikamwambia Mama Shukuru hana kosa. Nikamwambia mdogo wangu ndani hapati mshipa.

Hakunigombeza. Aliandika. Aliniuliza saa, siku, nani alikunywa kwanza, nani alikunywa nyumbani akabebea wengine. Aliniuliza hata kata ni ya kibuyu au ya plastiki. Maswali yake yalinisaidia, kwa sababu wakati najibu nilikuwa sifikirii.

"Sasa wakijua, watampa dawa sahihi?" nikamuuliza. "Atapona?"

Alifunga kishikwambi. "Kani, nisikudanganye. Kwa Feli hakuna kinachobadilika. Akiwa na hiki au kile, dawa yake ni maji yaingie haraka kuliko yanavyotoka, na kusubiri. Inshallah yataingia. Ila hapo nje kuna wageni waliobeba togwa kwenye vidumu kwenda Namtumbo, na huko wana watoto. Hao umewasaidia sasa hivi."

Nilidhani nikisema ukweli kitu kitatokea. Nilidhani nitaingia ndani nikute amekaa. Nikaingia, na alikuwa vile vile.

Walikuwa wameacha kutafuta mshipa kwa muda. Nesi mmoja mzee alimpa mama bomba la sindano lisilo na sindano na kikombe cha ORS. "Mama, kidogo kidogo pembeni ya shavu. Hesabu mpaka sitini, mpe tena. Akitapika pumzika dakika kumi, anza upya. Usichoke." Mama alijaribu, maji yakamwagika shingoni mwa Feli. Nikanawa kwa sabuni, nikanawa tena, nesi akanimwagia klorini kidogo, nikavaa glovu, nikasema nipe.

Nikawa nahesabu. Moja mpaka sitini, tone. Moja mpaka sitini, tone. Mimi ambaye sijawahi kumaliza zoezi moja la hesabati bila kuchungulia kwa Mbawala. Alitapika. Tukasubiri. Nikaanza moja. Katikati ya hesabu hizo, nikiwa sijainua macho, nilimwambia mama. Nilimwambia kwa sentensi fupi, kati ya tone na tone, kwa sababu ndivyo nilivyoweza. Mama alisikiliza. Alichukua kanga akajifunika mabega. Hakuondoka, lakini hakuniangalia tena.

Saa tisa daktari alirudi na kujaribu mshipa wa kichwani. Walimnyoa Feli kipande juu ya sikio. Nilishika kichwa chake kwa mikono miwili kama nilivyoelekezwa, kilikuwa na joto na chepesi kama papai dogo. Sindano iliingia, damu kidogo ikarudi, daktari akasema "usipumue," sijui aliniambia mimi au nesi, wote tukaacha kupumua. Dripu ikaanza kudondoka.

Chupa ya kwanza. Nepi kavu. Nesi aliigusa na kuandika. Chupa ya pili ilifika nusu, nepi kavu. Figo, nilimsikia daktari akisema, halafu akashusha sauti. Baba alikuwa amesimama nje ya dirisha kwa sababu ndani watu walitakiwa wachache, na ameegemeza paji la uso kwenye nondo. Shangazi yangu mkubwa, na dripu yake mwenyewe, alikuwa anasali rozari kwenye kitanda cha tatu. Nyuma yake Mama Shukuru anaitikia. Kesi ya togwa ilikuwa imesimama kwa muda.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipombeba ili mama anyooshe mgongo. Alikuwa amevaa nepi kubwa ya hospitali isiyomkaa sawa. Nilihisi joto kwenye tumbo langu, nikadhani ni jasho. Likashuka kwenye mapaja. Likafika kwenye soksi.

"Nesi," nilisema. "Nesi, naomba uje."

Alikuja mbio, akagusa nepi, akagusa shati langu, akanusa vidole vyake kama mpishi. "Amekojoa," akawatangazia wodi. "Mtoto amekojoa."

Sijawahi kushangiliwa hivyo kwenye utani wangu wowote. Shangazi alipiga kigelegele cha mgonjwa, chembamba, kikakatika katikati. Baba nje alipiga ngumi nondo ya dirisha. Mama alimchukua Feli, akaweka uso wake kwenye shingo ya mtoto, na nikaona mgongo wake unatikisika. Mimi nilisimama pale nimelowa mpaka viatuni, na sikutaka kubadilisha nguo.

Feli alilala hospitali siku nne. Ya pili alilia kwa machozi. Ya tatu alimpiga nesi. Ya nne akala ugali kidogo na likolo, mboga ya majani, kutoka kwenye sahani ya mama. Tukarudi nyumbani na vidonge vya zinki na orodha ndefu ya bwana afya: chemsha nguo, sugua choo kwa klorini, anayeumwa asipike wala asigawe chakula mpaka siku mbili zipite tangu apone. Kila mstari wa orodha ile ulikuwa mimi. Mama Shukuru naye aliruhusiwa siku hiyo, akarudi kwenye mitungi yake mitupu. Mtaani bado walisema ni yeye. Dada Hawa alikuwa amemwandikia bwana afya, lakini barua haigongi milango ya watu.

Mama alikuwa hajazungumza na mimi tangu Jumanne. Alizungumza kupitia baba. "Mwambie mwanao anywe maji." Baba akiniangalia, mimi nimekaa meta moja, ananiambia, "Kunywa maji." Ningecheka kama isingekuwa mimi. Mwili wangu ulikuwa umeisha, suruali ya shule inashikwa na kamba, na kila nikipanda ngazi za kibarazani nilisimama katikati kama mzee. Lakini uchovu huo ulikuwa mdogo. Ukimya wa mama ndio ulionila.

Sasa hivi mvua za kwanza zimeanza, watu wanapanda, mimi nimerudi shule na Feli anatembea hadi kwa jirani bila ruhusa. Majibu ya maabara yalikuja: norovirusi, jina kama la timu ya mpira, bweni letu na ubatizo wetu kitu kile kile. Dada Hawa alinitafuta akanipa kikopo kipya, nikampa kitu halali. Bweni bado wanataka niwasimulie habari ya maharage, na huwa nawasimulia, kwa sababu wakicheka wanasikiliza, na wakisikiliza nawaambia na yaliyofuata. Kwa hiyo na wewe nakuambia. Tumbo likianza, sema. Hata kama kesho ni siku yako kubwa. Kunywa maji hata kama yanatoka. Nawa kwa sabuni. Na ukiulizwa na mtu mwenye kishikwambi, jibu.

Imebaki Jumamosi moja ya kueleza, ile ya kwanza baada ya kutoka hospitali. Nilikuwa uani nachemsha mashuka kwenye sufuria, nayageuza kwa mti. Mama alitoka ndani amevaa kitenge kizuri, kile cha kanisani. Akasimama upande wa pili wa moto. Ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia usoni, na alichosema nakiandika kama alivyokisema, sijaongeza wala kupunguza:

"Kani, mimi nilikuona. Jumapili ile ulikwenda choo mara tatu kabla ya misa, na uso wako ulikuwa kama unga. Nilijua unaumwa. Nikanyamaza, kwa sababu wifi zangu walikuwa wameshakaa, na sikutaka waseme mwanangu hana kaka wa kumlambisha. Kwa hiyo hili ni letu wawili. Zima huo moto, uvae shati lenye kola. Tunaanza kwa Mama Shukuru, halafu nyumba zote. Wewe utaongea. Mimi nitapiga magoti."